Kimya cha Lowell Sipes

Babu alianza kuniuliza tukiwa bado barabarani.

"Tunaenda wapi, Denise?"

Denise ni mama yangu. Mimi ni Marlee. Lakini asubuhi ile sikutaka kumsahihisha, kwa sababu alikuwa amevaa koti lake la kijivu lenye vifungo vya shaba na amekaa wima kabisa kwenye kiti cha gari, na mtu akikaa hivyo unaona vibaya kumwambia amekosea.

"Tunaenda Pruett, babu."

"Ah, Pruett." Akatabasamu. Tulipopita kituo cha mafuta akauliza tena.

Pruett ilikuwa shule ya kijeshi ya watu binafsi, ya wavulana watupu, nje kidogo ya mji wetu wa Beldon hapa Missouri. Ilifungwa kabla mama yangu hajazaliwa. Vita vya Vietnam vilipokuwa vinakwisha wazazi waliacha kuleta watoto, mistari ya gwaride ikawa mifupi mwaka hadi mwaka, mpaka Mei moja mkuu wa shule, waliyemwita kanali, akawaambia wavulana wafungashe, na kila mmoja aondoke na godoro lake akitaka. Mabweni yakabomolewa, matofali yakauzwa. Uwanja wa gwaride sasa ni shamba la soya. Lililobaki ni bwalo la chakula, ambalo kikosi cha zimamoto cha kujitolea kinalitumia kuwekea gari lao upande mmoja na mikutano upande wa pili. Humo ndimo waliosoma Pruett hukutana kila Juni, wanakula, na wanaitana kwa vyeo vya ujana wao.

Mambo ya vyeo si utani. Garland Eads alikuwa jaji wa wilaya mpaka alipostaafu, na mjini watu bado wanashusha sauti akiingia dukani. Lakini mbele ya babu yangu, ambaye maisha yake yote aliuza matrekta, Jaji Eads anasimama mikono ubavuni na kuita "afande". Mwaka wa mwisho wa shule babu alikuwa kapteni wa makadeti wote. Eads alikuwa sajenti tu.

Kazi yangu katika mikutano hiyo ilikuwa kunong'ona. Nilisimama nyuma ya kiti cha babu, na kila mtu alipokaribia niliinama kama ninayemrekebishia kola, nikasema jina. Watu walidhani ni mapenzi ya mjukuu, na ni kweli pia. Walidhani nina haya, na hiyo nayo ni kweli. Niliacha shule darasa la tano, mama alipopata kazi ya kuendesha malori ya masafa akasema tutasomea njiani. Tulichosoma zaidi ni vibao vya barabara. Babu ndiye aliyekuja kunichukua, na tangu hapo nimezoea kukaa nyuma ya watu wenye maneno mengi.

Siku daktari alipotuambia ugonjwa wake wa kusahau, akili ya babu ilikuwa bado na sehemu kubwa ya nuru. Tulipofika kwenye gari alinishika kiganja akasema, "Wale wa Pruett wasijue." Nikaahidi. Sikuuliza kwa nini. Mwaka huu ulikuwa wa tatu wa kunong'ona.

Butch Vandiver alitupokea mlangoni, tumbo mbele, mikono wazi.

"Kapteni! Bado hujafa tu?"

"Butch," nikanong'ona.

"Butch," babu akasema, "nikifa mapema nani atakuzuia usimalize chakula cha wenzako?"

Butch alicheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo tulivyodumu miaka mitatu bila kugunduliwa. Majina yalimtoka babu, utani ukabaki.

Ndani kulikuwa na harufu ya kahawa na ya mpira wa matairi ya gari la zimamoto. Meza ndefu ilikuwa imeshatandikwa, na wake zao walikuwa wanapanga sahani za kile chakula chao, vipande vya nyama iliyokaushwa kwenye mchuzi mweupe wa unga na maziwa, juu ya mkate wa kuchoma. Wote wanasema ni kibaya. Asiyepewa ananuna.

Na karibu na mlango, peke yake, kulikuwa na meza ndogo ya mtu mmoja.

Meza ile nilikuwa naiona kila mwaka na sikuielewa. Jaji Eads mwenyewe huja mapema kuitandika. Hakubali mwanamke yeyote amsaidie. Anakunja leso kwa pembe tatu kama walivyofundishwa, anaweka uma, kisu, glasi, na sahani ya kuku badala ya ile nyama, kwa sababu tumbo la mtu wa meza ile haliwezi maziwa. Anajua mpaka tumbo lake. Halafu mtu huyo akifika, Eads anamgeuzia mgongo, na wote wanamgeuzia.

Mtu huyo ni Lowell Sipes. Miaka mingine alikuja na mke wake, Wanda, mwanamke mnene mwenye sauti ya furaha. Wenzake wakitaka kumwambia Lowell jambo walimwambia Wanda. "Wanda, mwambie mumeo asogee kidogo tupige picha." "Wanda, mumeo anaendeleaje na mgongo?" Na Wanda anageuka, "Lowell, wanauliza mgongo," ingawa Lowell yuko palepale anasikia. Kisha analeta jibu. Nilidhani labda Bwana Sipes ni kiziwi. Baadaye nikadhani ni mchezo wa wazee.

Wanda alifariki mwezi wa pili. Wote wa Pruett walikuja mazikoni kwenye tope la theluji, wamevaa makoti ya kijivu. Walilibeba jeneza wao wenyewe. Jaji Eads alilia kuliko mfiwa, mabega yake yalikuwa yanatikisika. Lakini hakuna aliyempa Bwana Sipes mkono, hakuna aliyemwambia pole. Waliweka jeneza chini, wakapiga saluti, wakaondoka. Nilirudi nyumbani siku ile kichwa kinaniuma.

Sasa Juni ilikuwa imefika, na Bwana Sipes akaingia peke yake, mwembamba, kofia mkononi. Mazungumzo yakashuka, kisha yakapanda tena juu kuliko mwanzo. Akaketi kwenye meza yake, akafungua leso.

Muda si mrefu kijana wa zimamoto akaja kumwambia Eads kwamba kuna gari limeegeshwa mbele ya mlango wa gari lao. Eads akachungulia dirishani. Akawa mwekundu. Akasimama katikati ya bwalo akaliambia dari, "Kuna gari la buluu limeziba mlango wa zimamoto."

Bwana Sipes akanywa maji.

"La buluu," Eads akaiambia birika ya kahawa. "Lina kibandiko cha mbwa nyuma."

Watu wakaanza kutazamana. Kila mtu alijua ni gari la nani na hakuna aliyejua afanyeje. Nilimwona Butch akigeuka kutafuta mtu, na nadhani alikuwa anamtafuta Wanda, maana alipokumbuka alijishika mdomo.

Eads akaja kwangu. "Binti, hebu nenda ukaseme pale."

"Nikaseme kwa nani?"

"Pale," akasema, na kuonyesha kwa kidevu.

Babu alikuwa anasikiliza kisa kirefu cha Butch, na kisa cha Butch hakihitaji msikilizaji ajue jina la mtu. Nikaenda mlangoni, miguu mizito kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

"Bwana Sipes, gari lako..."

"Nimesikia, mama. Nimesikia tangu dari lilipokuwa linaambiwa." Akainuka. "Nilitaka kuona watafanyaje bila Wanda. Njoo unisindikize, wasije wakasema nimetoroka."

Tukatoka. Alilisogeza gari mpaka ukingoni mwa shamba la soya, akashuka, akaegemea mlango. Jua lilikuwa kali. Nilitaka kurudi ndani na nilitaka pia kuuliza, na mimi nikiwa na mambo mawili hivyo huwa nasimama tu.

"Uliza," akasema. "Huko ndani hakuna atakayekuambia."

"Kwa nini hawakusemeshi?"

"Kwa sababu niko kwenye Kimya. Hujawahi kuambiwa? Basi babu yako Royce ni msiri kweli. Pruett ukidanganya unashtakiwa kwa wenzako, si kwa walimu. Wenzako wakikuona na hatia, kapteni wa makadeti anasoma amri mbele ya gwaride, na kuanzia hapo hakuna anayekusemesha wala wewe kumsemesha mtu. Unakula peke yako. Hufukuzwi, wewe bado ni mmoja wao, ila huitwi jina. Kwa kawaida ni wiki chache, kisha kapteni anakuita mbele, anasema, 'Rudi mstarini,' yanakwisha. Mimi nilisomewa amri mwezi wa nne. Mei shule ikafungwa."

Nilingoja aendelee. Akapangusa vumbi kwenye kioo cha gari.

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Hakuna aliyeifuta."

"Lakini hiyo ni miaka hamsini!"

"Na zaidi kidogo."

"Ulidanganya nini?"

Akatabasamu kidogo. "Niliulizwa kama Jumamosi ile nilikuwa bwenini. Nikaapa nilikuwa bwenini. Nilikuwa mjini, kwenye ngazi ya nyuma ya duka la baba yake Wanda, nakula naye tikiti maji lililopashwa moto na jua. Ndiyo hivyo tu. Lakini niliapa, na nilidanganya. Sibishi."

Nikamuuliza kwa nini babu hakumfutia amri miaka yote ile, wakati wanakutana kila Juni. Akasema Wanda aliwahi kumuuliza babu swali hilohilo, na babu akajibu kwamba anangoja Lowell aje aombe mwenyewe, kiume.

"Si ungeomba?"

"Nitaombaje? Aliye kwenye Kimya haruhusiwi kumsemesha mwenzake. Ningemsemesha ningekuwa nimevunja amri, na hapo ningestahili kubaki nayo."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Wala nadhani babu hakuwa anamtania Wanda. Mmoja anangoja aombwe, mwingine anangoja aruhusiwe kuomba, na wote wawili wanaona mambo yako sawa. Nilijaribu kuligeuza jambo lile kichwani lilalie upande wowote, likakataa.

"Sasa nisikilize," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mtu asiyesemeshwa anaona mengi. Nimeuona mdomo wako, Marlee. Mwaka juzi nilifikiri unamrekebishia kola. Mwaka jana nikajua."

"Tafadhali, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Nilicheka bila kutaka, na yeye akacheka.

"Royce hatarudi kuwa Royce," akasema. "Kila mwaka nilijiambia, mwaka ujao. Nimechelewa. Lakini anasema kila unachompa. Mpe maneno hayo mawili, na jina langu. Aseme, 'Lowell, rudi mstarini.' Basi."

"Yatakuwa yangu, si yake."

"Najua."

"Sasa yatakufaa nini?"

Alifikiri, akichezea ufunguo wa gari. "Nyumbani hakuna anayeniita jina tena. Mwanangu ananiita baba, daktari ananiita Bwana Sipes. Wanda tu ndiye alikuwa ananiita Lowell, na wale mle ndani, zamani. Nataka mmoja wao aniite tena. Sitaki kukaa kwenye ile meza mwaka mwingine nikiwa sina hata wa kuniambia wamesema nini."

Nilirudi ndani mbele yake.

Nilisimama nyuma ya kiti cha babu nikanong'ona majina kama kawaida, Emmett Rusk, mke wa Emmett Rusk, na huku maneno yale mawili yamenikaa kooni. Nikiyasema, babu atayarudia, kila mtu atafurahi na mzee wa watu atakaa na wenzake. Itakuwa mimi, niliyeishia darasa la tano, nimefuta amri ya kapteni. Itakuwa uongo, na kosa lenyewe lilikuwa uongo. Nisipoyasema, hakuna atakayeyasema milele. Kila nilipofikia kukubali niliona nakosea, na nilipofikia kukataa niliona nakosea zaidi.

Babu alikuwa anatafuna taratibu. Akainua uso akatazama mlangoni.

"Yule pale ni nani?"

Miaka mingine nilikuwa nasema, "Mgeni tu, babu." Safari hii niliinama nikamwambia kama ninavyomwambia jina la mtu yeyote.

"Ni Lowell Sipes."

"Lowell!" babu akaita, kwa ile sauti yake ya gwaride ambayo sikujua kama bado anayo. "Unafanya nini huko mlangoni kama mbwa wa jirani? Njoo ukae!"

Vijiko vikasimama. Bwana Sipes aliweka uma chini polepole. Hakuinuka. Alinitazama mimi, na mimi nikatikisa kichwa, maana hayo sikumpa, yalikuwa ya babu mwenyewe. Lakini babu yupi, na alikuwa anamwita Lowell wa mwaka gani, sikujua.

Eads akasimama. "Afande. Kwa heshima zote. Huyo yuko kwenye Kimya."

"Kimya gani? Mbona mnapiga kelele?"

Butch akaangua kicheko, akakikata katikati.

"Amri ya Kimya, afande. Haijafutwa."

"Nani alimweka?"

"Wewe, afande."

Babu alishangaa kwa dhati. "Mimi? Alifanya nini?"

"Aliiba upanga wa kanali," Eads akasema.

"Upanga?" Butch akamgeukia. "We Garland, upanga wa kanali uliuzwa mnadani, mimi nilikuwepo! Lowell alisinzia lindoni usiku, ng'ombe wakaingia uwanjani."

"Ng'ombe ni mwaka mwingine huo," Emmett Rusk akadakia kutoka mwisho wa meza. "Nyie wote mmezeeka. Alipeleka habari zetu gazetini, ndiyo shule ikafungwa."

"Shule ilifungwa kwa sababu hapakuwa na wanafunzi, Emmett! Tulikuwa tunapiga gwaride na vivuli vyetu!"

"Na wanafunzi waliondoka kwa nini?"

"Walikwenda kufuga nywele!"

Walikuwa wanasema wote kwa pamoja sasa. Na aliyekuwa anasemwa alikuwa ameinuka, amesogea hatua kwa hatua mpaka katikati ya bwalo, anasikiliza makosa yake yote mapya, na haruhusiwi kusema ni lipi. Aligeuza macho kwangu. Nilijua anataka nini, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Alikuwa mjini," nikasema. Hawakunisikia. Nikasema tena. "Alikuwa mjini, kwa Wanda. Akaapa alikuwa bwenini."

Nadhani wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yangu yote.

"Wanda?" Butch akauliza. "Wanda huyu wetu?"

"Kwenye ngazi ya duka la baba yake. Walikuwa wanakula tikiti."

Butch alikaa. "Mungu wangu. Na miaka yote hii tumemfanya Wanda ndiye awe mjumbe." Akajipangusa uso kwa leso. "Na yeye hakusema. Alikuwa anatucheka yule mama, nawaambieni. Alikuwa anatucheka."

"Uongo ni uongo," Eads akasema, ila sauti ilikuwa imelegea. Alisimama kidogo akikuna kidevu, kisha akajinyoosha. "Basi. Kama Kapteni anataka, ifutwe. Lakini ifutwe kwa utaratibu wake, mbele yetu, kwa maneno yake. Sisi tutatii. Wote simameni."

Viti vikakwaruza sakafu. Wazee wale wakasimama wima, wengine wakijishikilia mezani, na Bwana Sipes akajiweka mbele yao, mikono ubavuni, kofia chini ya kwapa. Babu alipoona wote wamesimama naye akasimama. Akatazama nyuso. Nyuso nazo zikamtazama, zikingoja.

Kisha akanigeukia, akauliza kwa sauti iliyosikika bwalo zima, "Niseme nini, Denise?"

Maneno mawili. Yalikuwa tayari mdomoni. Sijui mpaka leo kama ni hofu iliyonizuia au ni kitu kingine. Nilifungua mdomo, na macho ya wote yakiwa juu ya mdomo wangu, nikashindwa.

"Anakuuliza wewe?" Eads akasema.

Nilimshika babu mkono.

"Denise ni nani?"

"Ni mama yangu."

Niliona jambo lile likiwaingia mmoja baada ya mwingine.

"Toka lini?" Butch akauliza kwa upole.

"Huu mwaka wa tatu."

"Hapana. Mwaka jana aliniuliza habari za goti langu. Nilipofanyiwa upasuaji."

"Nilimwambia mimi."

Butch alilitazama goti lake, akanitazama mimi. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniuliza?"

Kwa namna fulani ilikuwa ndiyo. Butch alionekana kama mtu aliyefika nyumbani akakuta samani zote zimehamishwa.

Eads alikuwa amekishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Basi haiwezekani tena," akasema, si kwa yeyote. "Hakuna mwingine. Aliyeisoma ndiye wa kuifuta. Hakuna mwingine aliyebaki." Na alivyosema vile niliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaingoja siku ile, labda kuliko wote. Alitandika meza ile kila mwaka akitumaini mwaka huo ndio wa mwisho, na sasa hakujua ataacha vipi kuitandika.

Bwana Sipes aliyasikia hayo. Mikono yake ikalegea. Akaitoa kofia kwapani, akaivaa.

Babu naye alikuwa amezisoma nyuso. Majina huyapoteza, lakini aibu bado anaitambua. "Nimekosea?" akaniuliza. "Twende nyumbani. Twende, twende." Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akageuka haraka kuliko miguu yake inavyoweza, na mguu ukanasa kwenye kiti.

Mimi nilikuwa upande usiofaa. Nilishika hewa.

"Lowell, mshike!" Eads akapiga kelele.

Na Lowell akamshika. Alikuwa karibu kuliko wote kwa sababu alikuwa amesogea mbele kupokea maneno yake. Alimdaka babu kwapani, kofia ikaanguka, wakayumba wote wawili kama watu wanaojifunza kucheza dansi ukubwani, kisha wakatulia, babu kifuani kwake, akihema.

Bwalo zima lilisikia jina lile. Eads naye alilisikia, nadhani baada yetu. Alibaki mkono mmoja hewani.

"Hilo halihesabiki," Emmett Rusk akasema kutoka mwisho wa meza.

"Nyamaza, Emmett," mke wake akamwambia.

Lowell Sipes aligeuza shingo, bila kumwachia babu. Uso wake ulikuwa umelowa. "Umenisemesha mimi, Garland?"

Jaji Eads alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Akijibu ndiyo, amekiri kwamba amevunja amri isiyo na wa kuifuta. Akijibu hapana, tayari amemjibu. Alimtazama babu kama anayeomba amri, lakini babu alikuwa anakitazama kifungo cha shaba kwenye koti la Lowell na kukigusa kwa kidole, ametulia kabisa. Butch hakutoa mzaha wowote.

Kimya kilikuwa kirefu mpaka ikawa kana kwamba hakuna hata mmoja mle ndani anayeruhusiwa kusema.

Eads akashusha mkono. Akashika kiti kilichokuwa karibu naye, si kile cha mlangoni, akakivuta mpaka nyuma ya magoti ya babu.

"Mkalishe polepole," akasema, na alikuwa anamtazama Lowell machoni. "Polepole, bwana. Mguu wake wa kushoto ndio mbovu."

Lowell akamkalisha polepole.